Robo ya Domojiwe

Siku ile ilikuwa zamu ya mtaa wao kupata maji, na Mama Lango alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni ya kioski. Madumu yalikuwa yamepangwa toka bombani hadi mlangoni kwa fundi viatu, ya njano na ya bluu, mengine yamepoteza mifuniko na kuzibwa kwa nailoni. Nyuma yake mama mkwe wake alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti, akimkagua kila aliyepita kama askari wa getini.

Foleni ikasogea mpaka ikafika kwake. Mwenye kioski akafunga bomba.

"Wewe si ndiye yule wa bwawani?" akauliza, ilhali walikuwa wamejuana miaka tisa. "Nenda kachote kwa samaki wako."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Lango akabaki ameshika dumu mkononi, hajui aliweke chini au aondoke nalo. Wiki moja nyuma mtu alimpiga picha kwa simu akizungusha usukani wa lango dogo, lile linaloachia maji kidogo ya kuufanya mto usikauke, na picha ikazunguka mji mzima na maneno chini yake: Watu wana kiu, samaki wanaoga. Tangu hapo jina alilopewa na wenzake kazini, Mama Lango, likageuzwa mtaani kuwa Mama Samaki.

Mama mkwe akainuka taratibu juu ya ndoo yake.

"Fungua bomba hilo," akasema. "Huyu ni mke wa mwanangu. Akikosea nitamsema mimi, tena nyumbani kwangu. Wewe nani kakupa zamu?"

Kicheko kikahama upande. Mwenye kioski akafungua bomba huku amenuna, lakini dumu la pili alikataa kulijaza, akasema muda umekwisha. Wakarudi na dumu moja la lita ishirini, la kuwatosha watu watatu kwa siku tatu.

Mlango ulipofungwa tu, mama mkwe akavuta kiti.

"Haya. Pale nilikutetea kwa sababu ya watu. Sasa tuko ndani, nakusema. Hao samaki wanakunywa lita ngapi?"

"Mama, samaki hanywi."

"Kama hanywi, anataka maji ya nini?"

Mama Lango alijaribu kueleza. Ndani ya mto ule kulikuwa na samaki wasiopatikana mto mwingine wowote, wanaitwa domojiwe, kwa sababu hukwangua chakula chao kwenye mawe kwa mdomo. Si wakubwa, mkubwa wao hazidi urefu wa kiganja na nusu. Zamani, kabla bwawa halijajengwa, mto ulipofurika walipanda mpaka kwenye miamba ya juu kutaga. Bwawa likazuia mafuriko. Ndiyo maana kibali cha bwawa kiliagiza kwamba kila mwaka, siku nane tu, lango la juu lifunguliwe kwa mkupuo mmoja, mto upande, samaki watage.

"Siku nane," mama mkwe akarudia, akilitazama lile dumu moja. "Mimi siku nane sijaoga vizuri."

Mumewe Mama Lango, ambaye mji mzima ulimwita Fundi, aliingia wakati huo na begi lake la spana. Zamani alikuwa kwenye kikosi cha bomba kuu. Siku hizi alitengeneza masinki na vyoo vya watu. Aliona sura zao, akaweka begi chini bila kelele.

"Leo nimefukuzwa nyumba moja," akasema. "Mwenye nyumba kaniambia hawezi kumlipa mtu ambaye mkewe anamwaga maji."

Dumu lilikaa katikati ya chumba kama mgeni wa nne.

*

Kibanda cha lango kilikuwa juu kabisa ya ukuta wa bwawa: meza, kiti, sukani za chuma zilizopakwa grisi, mita mbili ukutani na daftari. Asubuhi ya pili Mama Lango alishuka ngazi kusoma ubao wa vipimo ulioegeshwa majini, akapanda, akaandika. Mwaka huu ulikuwa wa tatu mvua kuwa haba. Kando ya bwawa udongo ulipasuka vipande vipande, na visiki vya miti iliyozama miaka mingi vilikuwa vimetoa vichwa nje.

Alimkuta Dokta wa Samaki akimsubiri mlangoni, msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alikuwa ametumwa na ofisi ya bonde la mto kuwahesabu domojiwe.

"Dada, nimevua siku nne," akasema. "Nimepata wakubwa tu. Hakuna mdogo hata mmoja. Mwaka juzi mkupuo ulifutwa, mwaka jana ukafutwa. Samaki huyu haishi zaidi ya miaka sita. Tukiruka na mwaka huu, wazazi wenyewe watakuwa wamezeeka."

"Na lango la juu?"

"Ndilo linaloninyima raha. Lango la chini linatoa maji baridi, yametoka shimoni. Wakiyasikia hayo hawapandi. Wanataka maji ya juu, yaliyopata jua. Lango la juu limebakiza nini?"

"Sentimita themanini majini. Na tunashuka nne kila siku."

Dokta akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Baada ya wiki tatu hivi lango la juu lingekuwa linapuliza upepo.

Gari la Meneja wa Maji likapanda ukutani kabla hawajamaliza. Meneja alishuka na viatu vinavyong'aa, akamwamkia Dokta, akampita Mama Lango kama anavyopita nguzo.

"Nimekuja mwenyewe ili kusiwe na maneno," akasema. "Mwaka huu hakuna mkupuo. Hata yale maji kidogo ya lango dogo, yapunguzwe."

"Kibali kinasema—" Dokta akaanza.

"Kibali hakipigi foleni na ndoo. Mji unapokea lita themanini na tatu kwa sekunde. Themanini na tatu! Halafu mtu ananiambia samaki."

Mama Lango alikuwa akifuta grisi mikononi. Akaacha.

"Samahani, bosi. Umesema ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Mimi napeleka mia na kumi na nane."

Meneja akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Nini?"

"Bomba la mji. Mita hii hapa. Leo, jana, mwezi mzima. Mia na kumi na nane."

"Mita yako mbovu," Meneja akasema. "Na nikihitaji hesabu, ninaye mhasibu. Kazi yako wewe ni kuzungusha usukani, sawa? Zungusha usukani."

Akaondoka. Vumbi la gari likatua juu ya daftari lililokuwa wazi. Mama Lango alilipuliza, masikio yanamwaka moto kwa aibu, akachukua simu na kupiga kituo cha kusafishia maji, kule mwisho wa bomba.

"Mita yenu inasoma ngapi?"

"Themanini na tatu," akajibu aliyekuwa zamu. "Mwezi uliopita themanini na nne."

"Na hamkushangaa?"

"Tumshangae nani, mama? Sisi tunajaza fomu, fomu inakwenda."

Yeye na Dokta wakakaa chini na kalamu. Lita thelathini na tano kila sekunde, mchana na usiku, zilitoka bwawani na hazikufika mjini. Dokta alizidisha kwa siku, akazidisha kwa mwaka, kisha akagawa kwa maji ya mkupuo wa siku nane. Akaitazama namba, akarudia hesabu toka mwanzo.

"Nne," akasema kwa sauti ndogo. "Dada, yanayopotea kwa mwaka ni mkupuo wa samaki mara nne."

*

Jioni ile alimsimulia mumewe, maneno yakimtoka mbiombio. Alitegemea Fundi aruke kitini. Bomba kuu lilikuwa maisha yake miaka kumi na miwili, alilijua kwa kona na kwa vifuniko. Badala yake Fundi aliendelea kukwangua kutu kwenye spana kwa kucha.

"Kesho niko mapumziko," Mama Lango akasema. "Twende tulifuate bomba. Kilomita kumi na sita, tutaliona tu linapovuja."

"Twende," Fundi akasema, na akaenda kulala bila kula.

Walitoka jua likiwa bado changa. Bomba lilipita chini ya ardhi, likionyeshwa na vijiti vya zege vyenye namba. Mama Lango alisimama kwenye kila kifuniko, akapiga magoti, akatega sikio. Fundi hakupiga magoti popote. Alitembea mbele, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kuitikia wito. Walipofika kijiti cha arobaini na moja aliacha njia, akateremka korongoni.

Mama Lango alimfuata, akasimama ameduwaa. Juu kila kitu kilikuwa kimekaushwa na jua, majani yanavunjika ukiyakanyaga. Chini ya korongo kulikuwa na matete marefu kuliko mtu, ya kijani kibichi, yanatikisika. Vyura walikuwa wanalia mchana kweupe. Katikati ya matete, kutoka mdomo wa bomba nene kiasi cha paja, maji yalikuwa yanamiminika, masafi, mengi, bila haraka, yakazama ndani ya mchanga na kupotea.

Alizama mpaka magotini, akakinga mikono, akanawa uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua kama ni ya hasira au ya furaha.

"Ulijua," akamwambia mumewe.

Fundi alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Sikujua ni mengi hivi. Naapa. Hapa kuna vali ya kusafishia bomba, ya kutolea tope. Miaka sita iliyopita ilikufa. Tuliagiziwa mpya. Siku ya kuibadilisha, gari lenye vali mpya halikutokea, mji umekaa siku mbili bila maji, msimamizi anapiga kelele. Akaniambia, chukua ile kuukuu iliyotolewa kule juu, iweke kwa muda, kesho tutabadilisha. Ilikuwa imelika meno. Nikaiweka."

"Na kesho?"

"Kesho haikufika. Akaniletea fomu, imeandikwa vali mpya imewekwa. Nikasaini. Mwaka uliofuata kikosi kikapunguzwa, nikatoka. Kila nikipita na baiskeli barabarani juu pale nilikuwa nageuza uso."

Mama Lango alitoka majini. Sketi yake ilikuwa inachuruzika.

"Kesho kutwa kuna mkutano wa maji, ukumbi wa shule," akasema. "Afisa wa bonde anakuja. Nitasema."

"Sema namba," Fundi akasema. "Namba ni zako. Mahali usiseme, mke wangu. Nipe siku chache nijue nitaanzia wapi. Watu hawa wakijua maji yao yamemwagika miaka sita kwa mkono wangu, nani ataniita tena hata kuziba bomba la sinki?"

Alimtazama. Ndiye mwanamume aliyempelekea chakula bwawani zamu ya mvua, akivuka ukuta kwa kutambaa kwa sababu ya upepo.

"Mahali sitasema," akamwahidi.

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Afisa wa bonde, mzee mwenye miwani na sauti ya upole, alikaa mbele kati ya Meneja na Dokta wa Samaki. Dokta alianza kueleza habari za domojiwe. Hakumaliza sentensi tatu.

"Kwanza watu!" mtu akapaza sauti, na ukumbi ukaitikia. "Kwanza watu! Kwanza watu!"

Dokta akakaa, uso umemshuka. Meneja alitabasamu kidogo na kukunja mikono. Hapo ndipo Mama Lango aliposimama na daftari lake. Miluzi ikaanza, mtu akaiga mdomo wa samaki, watu wakacheka. Mama mkwe, aliyekaa mstari wa mbele kama bibi harusi, akageuka akawatazama mmoja mmoja mpaka kelele zikapungua.

"Mimi si msomi," Mama Lango akasema. Aliikandamiza mikono juu ya daftari. "Kazi yangu kuzungusha usukani, kama alivyoniambia bosi. Lakini aliyezungusha usukani anajua katoa ngapi. Mimi nawatumia lita mia na kumi na nane. Nyinyi mnapokea themanini na tatu. Nimepiga kituoni kila siku, namba hizi hapa, jina la aliyekuwa zamu liko pembeni. Maji yanayopotea njiani kwa mwaka, wangepewa samaki, yangewatosha miaka minne. Kwa hiyo msinitukane mimi na samaki. Hatujayaona."

Afisa wa bonde alivua miwani.

"Yanapotelea wapi?"

Mama Lango akafumba mdomo. Alihisi macho ya mumewe mgongoni, kule nyuma karibu na mlango.

"Mama, umeulizwa," Afisa akasema. "Wapi?"

Mama Lango akalifunga daftari.

"Si mnaona?" Meneja akasimama, sauti imempanda. "Hajui! Anasoma mita mbovu, anakuja kutuchafua mbele ya watu. Hapa tunapoteza muda kwa sababu ya mtu wa usukani!"

Vicheko vikaanza upya. Mama Lango hakuketi. Alisimama na ahadi yake mdomoni kama kaa la moto, uso umekauka, na alikuwa tayari kuubeba ujinga ule mpaka kaburini kuliko kumtaja. Ndipo viti vya nyuma vikasogezwa.

"Kijiti cha arobaini na moja," ikasema sauti. "Korongo la matete. Ni vali ya kusafishia."

Watu wakageuka. Fundi alikuja mbele kwa ile njia nyembamba kati ya mabenchi, akasimama pembeni ya mkewe.

"Vali ile niliiweka mimi. Ilikuwa mbovu, na nilijua ni mbovu. Nikasaini kwamba ni mpya. Niliagizwa, lakini mkono uliosaini ni huu hapa. Mke wangu anajua mahali. Nilimwomba asiseme, na ndiyo sababu mmemcheka sasa hivi. Nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja alisimama kuanza kufoka, mama mkwe akamnyooshea kidole: "Wewe keti. Mwanangu hajamaliza."

"Nimemaliza, mama," Fundi akasema.

Afisa wa bonde alikuwa amekwisha kuvaa miwani yake. "Ni mbali hapo?"

"Mwendo wa nusu saa."

"Basi mkutano unahamia huko."

Ikawa msafara. Watu zaidi ya mia mbili waliufuata ule mstari wa vijiti, wazee, akina mama, wengine wamebeba madumu kwa mazoea tu. Walipoyaona matete walitulia. Walipoyaona maji walipiga kelele ambayo Mama Lango hakupata kuisikia tena maishani, kelele ya watu walioibiwa na kurudishiwa kwa wakati mmoja. Wakaingia na nguo zao. Meneja alisimama ukingoni akitazama, kisha akashuka naye, viatu vile vinavyong'aa vikazama kwenye tope mpaka kwenye soksi. Alikaa hapo muda mrefu. Alipopanda, alimjia Mama Lango.

"Mita yako si mbovu," akasema.

"Hapana, bosi."

"Mimi ndiye sikusoma fomu." Akasema hivyo mbele ya watu, na ilionekana kumgharimu.

*

Vali mpya ilipatikana siku ile ile, na mahali ilipopatikana palimfanya Afisa wa bonde ashike kichwa. Ilikuwa kwenye ghala la idara ya maji, ndani ya sanduku la mbao, vumbi nene juu. Kwenye kitabu ilikuwa imeandikwa kwamba ilishatoka na kuwekwa, kwa hiyo mtunza ghala hakuweza kumpa mtu yeyote kitu ambacho kisheria kilikuwa chini ya ardhi.

"Nilikuwa naipangusa tu," akajitetea.

Kazi ilifanywa Jumatatu. Mama Lango alifunga bomba la mji toka bwawani alfajiri, na kikosi kikashuka shimoni. Meneja alikuwa na vijana wake, lakini nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu na hakuna aliyejua zilivyofungwa ila mmoja. Fundi alikaa ndani ya shimo lile toka saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, maji ya tope kifuani. Mama mkwe alikaa juu ukingoni na mwavuli, akawa anampa amri ambazo hakuziomba.

Saa kumi simu ya kibandani ikalia.

"Fungua polepole," Fundi akasema upande wa pili, anahema.

Kabla ya kufungua, Mama Lango alikumbuka walivyokubaliana mezani kwa Afisa wa bonde. Yale maji yaliyokuwa yanapotea yangegawanywa: robo ibaki bwawani, iwe ya mkupuo wa samaki kila mwaka; robo tatu ziende mjini. Hesabu ilikuwa yake na Dokta, na Meneja aliipitisha bila kubadili hata nukta. Akazungusha usukani, jicho kwenye mita. Tisini. Mia. Mia na tisa, akasimama hapo.

Maji yakachukua muda wake kulijaza bomba. Alisubiri mezani, miguu haitulii. Simu ilipolia tena alikuwa yule wa kituoni, yule wa fomu.

"Mama! Mia na tisa! Umenisikia? Mia na tisa kamili!"

Alicheka peke yake ndani ya kibanda mpaka akashika mbavu. Wiki hiyo zamu za maji mjini ziliongezwa kutoka siku mbili hadi tatu kwa wiki. Si nyingi, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu ukame uanze ziongezeke badala ya kupungua. Na yule mwenye nyumba aliyemfukuza Fundi alikuja mwenyewe kumwita, akazunguka maneno mengi kabla ya kufika kwenye choo chake.

*

Lango la juu lilifunguliwa siku nne baadaye, likiwa limebakiza sentimita thelathini na tano majini. Hapakuwa na hotuba. Mama Lango alizungusha usukani mizunguko sitini, akifuata kipimo alichoandikiwa, na maji yaliyolala juani miezi mitatu yakaruka nje kwa upana wa lango. Alimwachia mwenzake wa zamu kibanda, akateremka mbio kwenye pikapu ya Dokta wa Samaki. Fundi na mama mkwe walikuwa wamekwisha kupanda nyuma.

"Na wewe, mama?" akashangaa.

"Nimetukanwa kwa ajili yao. Lazima niwaone sura."

Walivuka mto kwenye kivuko cha mawe, mahali ambapo maji yalikuwa bado hayafiki nusu ya tairi, wakaegesha ng'ambo, wakatembea hadi kwenye miamba. Wakangoja saa tatu. Kwanza ilikuja sauti, kama mvua inayotembea. Halafu mto ukabadilika rangi, ukavimba, ukafunika jiwe moja baada ya jingine, ukabeba majani na vijiti na povu. Dokta alichovya kipimajoto, akasoma, akakumbatia magoti yake kwa furaha.

Hawakuona kitu kwa muda. Mama mkwe akaanza kusema kwamba labda samaki hawajaambiwa. Kisha mgongo mmoja wa rangi ya kutu ukakata maji chini ya mwamba, ukaruka, ukaanguka, ukaruka tena, ukapita. Ukaja wa pili. Wakaja kumi kwa mpigo, wameinamisha midomo yao kama walionuna, wanajirusha dhidi ya mkondo, wanatelezeshwa nyuma, wanarudi. Mwamba wote ukawa unametameta. Dokta alikuwa analia waziwazi huku akibonyeza mashine yake ya kuhesabia. Fundi alimshika mkewe begani.

"Dokta," Fundi akasema baadaye, akitazama nyuma, "gari tutalivushaje?"

Wote wakageuka. Kivuko hakikuwepo. Palipokuwa na mawe palikuwa na mto mzima, mpana, wa kahawia, unakimbia kwa kishindo.

"Wewe ndiye uliyefungua!" Fundi akamwambia mkewe, akicheka mpaka akakaa chini. "Miaka tisa unasoma maji, umesahau yatapita hapa?"

"Mimi nilikuwa nawaza samaki!"

"Yatapungua lini?"

"Siku ya nane."

"Kuna daraja kule juu," Dokta akasema, akipangusa macho. "Kilomita thelathini kuzunguka. Tukiondoka sasa tutafika kabla ya magharibi. Twendeni."

Wakaokota vitu vyao, wakaelekea kwenye gari. Mama mkwe hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya mwamba, sketi imelowa, miguu ndani ya maji, kidole kikigonga hewani kila mgongo ulipopita.

"Mama, tunaondoka," Mama Lango akamwita.

"Ondokeni," akajibu bila kugeuka. "Mia mbili na sita. Mia mbili na saba. Usiniongeleshe, utanipotezea hesabu. Mia mbili na nane."